Udongo Mtamu

Mama Kionjo hakuwa na mizani wala kipimo. Kipimo chake kilikuwa ulimi. Alichota punje ya udongo kwa ukucha wa kidole cha shahada, akaiweka nyuma ya meno ya mbele, akafumba macho, akanyamaza. Hapo hata ungemwambia nyumba yake inaungua, angekuinulia kiganja usubiri kwanza. Kisha alitema pembeni, akajipangusa mdomo, akatoa hukumu kwa neno moja. "Chumvi." Au, "Mchachu." Na mara chache sana, "Huu unalika."

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake mzazi, aliyewauzia wajawazito udongo wa kula mpaka mgongo ukapinda. Marehemu hakumwachia shamba wala ng'ombe. Alimwachia kinu, chekeche na sheria mbili. Ya kwanza: mchungu una mzizi uliooza, wa chumvi huvimbisha miguu, mchachu hukata tumbo, mtamu ndio wa kuchukua. Ya pili: usimpe mtu udongo mbichi, uchome, maana moto ndiyo sabuni ya udongo. Kwa sheria hizo mbili Mama Kionjo alifanya kazi miaka thelathini na minne na hakuna mwanamke aliyewahi kumjia analia.

Udongo wake aliuchimba kwenye shimo moja la mlimani, umbali wa saa nzima kwa miguu. Aliutwanga, akauchekecha kwa chekeche la kitambaa cha pazia, akaukanda kwa maji kama unga wa chapati, akausokota juu ya ubao hadi ukawa vijiti vyenye unene wa kidole gumba. Vijiti vilikaa juani kwenye bati siku mbili, kisha vikaingia kwenye karai la chuma, vikafunikwa, vikachomwa kwa makaa hadi vikatoa ile harufu ya mvua ya kwanza. Wajawazito walikuwa wakiisikia harufu hiyo tangu barabarani, wakaja wakimeza mate.

Mwaka huo wa thelathini na nne mjamzito aliyemhangaisha hakuwa mteja. Alikuwa binti yake wa pekee, fundi cherehani, aliyerudi kukaa kwa mama yake kwa sababu mumewe alikuwa dereva wa malori, wiki mbili safarini, siku mbili nyumbani. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa nne, ya pili ikatoka mwezi wa nne vilevile. Hii ilikuwa imevuka. Mwezi wa tano ulipoanza, Mama Kionjo alitembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole, kana kwamba mtoto ni yai lililowekwa ukingoni mwa meza.

Na ndipo shimo la mlimani lilipoporomoka. Mvua ya siku tatu ililifukia, mwenye ardhi akazungushia seng'enge, akaweka na mbwa.

"Mama, sitaweza bila udongo," binti alisema. "Juzi nimejikuta nalamba chaki ya kuchorea nguo. Jana nimebandua kipande cha ukuta wa choo."

"Wa choo!"

"Kwa nje, mama."

"Hata wa kwa nje. Umekosa ukuta wa sebuleni?"

Walicheka, lakini Mama Kionjo hakulala vizuri. Aliijua hamu ile. Mwanamke aliyeshikwa nayo huweza kuokota chochote chini akala, hata chenye mavi ya paka. Akajisemea kuwa ni lazima apate udongo safi kabla binti yake hajala uchafu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda sokoni kununua mboga, akapita nyuma ya ukuta mrefu wa kiwanja cha Fundi Betri.

Fundi Betri alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Miaka yake ishirini ya mwisho aliitumia ndani ya ukuta ule akivunja betri kuukuu za magari. Maji makali ya betri aliyamwaga chini, na vile vibati vya ndani akaviyeyusha kwenye karai juu ya moto wa matairi, akaviuza kwa vipande. Mwishoni mikono yake ilikataa kuinuka. Viganja vilining'inia kama soksi zilizoanikwa kambani, akawa analishwa na mkewe kwa kijiko. Wengine walisema karogwa na mshindani wake. Wengine walisema ni pombe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akinywa.

Sasa kiwanja kilikuwa kimepata mwenyewe mwingine, na waashi walikuwa wanachimba msingi. Udongo waliutupia nje ya ukuta, chungu kubwa kama lori. Mama Kionjo alisimama. Haukuwa mwekundu kama udongo mwingine wa mtaani. Ulikuwa wa kijivu unaokaribia weupe, laini, hauna kokoto. Aliushika, ukapita katikati ya vidole kama unga. Ukucha ukachota wenyewe, mtu na mazoea yake. Akafumba macho.

Ulikuwa mtamu.

Si utamu wa kubahatisha, ule wa mlimani ambao aliutafuta kwa ulimi kama mtu anayetafuta sindano. Huu ulikuja wenyewe, ukatandaa mdomoni, ukabaki. Miaka thelathini na minne hakuwahi kuonja kitu kama kile.

"Shikamoo, shangazi. Umepoteza pete?" Mwashi mmoja alichungulia juu ya ukuta, mwiko mkononi.

"Marahaba. Pete niliizika pamoja na aliyenivisha. Udongo huu mnaupeleka wapi?"

"Popote. Mwenye kiwanja anataka utoke tu. Unajenga?"

"Nataka kula."

Mwashi alicheka hadi akashikilia ukuta. "Shangazi! Kwani unga umekwisha madukani?"

"Cheka, baba, cheka. Mkeo akishika mimba utakuja kunigongea mlango saa kumi na moja alfajiri."

"Haya, chukua. Ila sisi wenyewe tunaushangaa. Tazama humo ndani, hata jani moja halioti. Na kuku wa jirani wanaokuja kuparua hapa wanaanza kutembea kama walevi."

"Jani litaota vipi mahali palipokanyagwa na kuchomewa matairi miaka ishirini?" alijibu Mama Kionjo. "Na kuku wa siku hizi ni wa kununua, hata upepo unawaangusha."

Alirudi na toroli, akabeba magunia matatu. Njiani alimkumbuka marehemu na viganja vyake, wazo likampitia kama nzi mbele ya uso. Akalifukuza kwa mkono. Fundi alikufa kwa kazi yake ya juu ya ardhi, udongo wa chini una kosa gani? Tena ungepita motoni.

Ulikuwa rahisi kuufanyia kazi. Chekeche halikubakiza mawe, ila chenga kidogo za kijivu. Mama Kionjo hakuwa mtu wa kutupa kitu: chenga zile alizichanganya na maji na samadi, akapaka ukuta wa chumba cha nyuma uliokuwa umejaa nyufa. Ndicho chumba alichokuwa akikiandaa kwa ajili ya mjukuu. Ukuta ukatoka laini, wa kupendeza, akausugua kwa jiwe hadi ukang'aa.

Vijiti vilipotoka kwenye karai, binti alikula kimoja akiwa bado amesimama, cha moto hivyohivyo. Alifumba macho.

"Mama, huu umeutia sukari?"

"Sukari ya nani? Ni kazi ya Mungu."

"Basi Mungu leo alikuwa na furaha."

Wateja walirudi wote, na wengine wapya juu yake. Muuza mitumba wa mtaa wa pili, mwenye mimba ya sita na mdomo usiopumzika, alinunua kwa bakuli. "We mama, huu sasa ni wa kuzaa pacha! Ule wa zamani ulikuwa unatupa nini, majivu?" Mama Kionjo alijivunia kimyakimya. Naye alikula, kijiti kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa kuwa muuzaji asiyekula chake ni mwongo.

Wiki ya nne, jogoo wake alianguka. Alikuwa na mazoea ya kuparua chini ya bati la kuanikia vijiti. Miguu ilimkunjika, akajiburuza kwa mabawa siku mbili, akafa shingo imelala ubavuni. Mama Kionjo alimzika badala ya kumtupa jalalani, bila kujua kwa nini. Wiki ya tano, kuku watatu.

Binti naye akaanza kulalamika tumbo. Halikuwa tumbo la uchungu. Lilikuwa kama mtu anayekamua nguo ndani yake. Choo hakipati. Kichwa kinamgonga. Mdomoni anasikia ladha kama ameuma ufunguo.

"Mimba hiyo," Mama Kionjo alimfariji. "Mimi kwako niliona mengi kuliko hayo. Kula kijiti, udongo unatuliza tumbo."

Akampa viwili. Kesho yake, kwa kuwa tumbo halikutulia, akampa vitatu.

Siku moja alikuwa uani akitwanga, akasikia kitu cha chuma kikianguka ndani. Kimya. Kisha kikaanguka tena. Aliingia, akamkuta binti yake ameketi mbele ya cherehani akiutazama mkono wake wa kulia. Mkasi ulikuwa sakafuni.

"Umeniponyoka," binti alisema.

"Okota basi."

"Ndiyo mara ya nne, mama. Nauinua mkono, kiganja hakitaki kufuata."

Aliuinua amwonyeshe. Mkono ulipanda, kiganja kikabaki kimening'inia.

Mama Kionjo alikuwa amekwisha kukiona kiganja cha namna ile, kwenye kochi la Fundi Betri, mkewe akimlisha uji. Alimfunga binti yake kitambaa kichwani, akamshika kiwiko, wakaenda kliniki muda uleule, mlango wa nyumba wameuacha wazi.

Mkunga wa kliniki alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipima tumbo, akasikiliza mapigo ya mtoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika: mtoto yupo, anacheza. Kisha akamwambia binti afungue mdomo. Alitazama. Akachukua tochi, akatazama tena. Akauvuta mdomo wa chini kwa kidole.

"Mama, hebu njoo uone."

Kwenye fizi, pale jino linapoingia kwenye nyama, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya wino, kana kwamba mtu amechora kwa kalamu kuzunguka kila jino.

"Anakula nini huyu?"

"Vizuri tu. Mboga, maharage, matunda." Mama Kionjo alifungua mkoba wake, na licha ya hofu sauti yake ikawa na fahari kidogo. "Na udongo wangu. Ni safi, nauchoma mwenyewe. Karibu uonje."

Mkunga hakuupokea kwa mkono. Aliupokea kwa karatasi.

"Umeuchimba wapi?"

Aliposikia jibu, mkunga alivua miwani, akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Mama, yale aliyokuwa akiyeyusha marehemu ni madini ya risasi. Ni sumu. Miaka ishirini yalikuwa yakimwagika chini, moshi wake ukitua palepale. Udongo ule umeyanywa."

"Lakini niliuchoma."

"Moto unaua mdudu. Madini hayana roho ya kutoka."

"Lakini ulikuwa mtamu," alisema Mama Kionjo, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejitetea. "Niliuonja mwenyewe. Mchungu ndio mbaya. Ulikuwa mtamu."

"Ndivyo yalivyo, mama. Yana utamu. Ndiyo maana watoto huyalamba."

Mkunga alimwamuru binti aache udongo tangu saa ile, anywe maziwa, ale mayai, dagaa na mboga za majani, na hospitali kubwa imwone haraka. Kisha akaeleza jambo ambalo Mama Kionjo alilibeba hadi nyumbani kama jiwe kifuani. Alisema madini yale hayaishii tumboni tu. Huingia mfupani, yakakaa miaka. Na mtoto akiwa tumboni anapohitaji cha kujengea mifupa yake, hukichota kwenye mifupa ya mama yake. Hachagui. Anachota kilichopo.

Walitolewa damu wote wawili. Majibu yalipokuja, ya binti yalikuwa mabaya. Ya Mama Kionjo yalikuwa mabaya zaidi, lakini hilo hakulijali.

Alichokijali ni wanawake wake. Hakuwa na daftari. Aliwakumbuka kwa matumbo yao. Yule wa miezi mitatu wa nyumba yenye geti la kijani. Yule wa saba, mke wa kinyozi. Kumi na mmoja kwa jumla. Alikwenda mlango hadi mlango, kila mlango akisema maneno yaleyale: "Nimewalisha sumu. Sikujua. Nendeni mkapimwe." Wengine walilia. Mke wa kinyozi alimfungia mlango usoni. Muuza mitumba alicheka.

"Acha hizo! Nimezaa watano kwa udongo wako. Sema umebakiza kidogo, unamfichia binti yako."

"Binti yangu hawezi kushika mkasi."

"Basi nipe vya kwake."

Mama Kionjo alimtazama mdomoni wakati akiongea. Mstari ulikuwepo.

Kutoka hapo alikwenda kwenye kiwanja ili awaambie waashi wafukie ile chungu. Alipofika nyuma ya ukuta, akapakuta peupe. Palikuwa pamefagiliwa.

"Umechelewa, shangazi," mwashi alisema. "Udongo umegombaniwa kama samaki wa bei rahisi. Wengine wamepaka nyumba, wengine wamejaza mashimo uani. Ile shule ya watoto wadogo hapo chini imechukua safari nne za kusawazishia uwanja wa kuchezea. Mwenyewe si ulisema unataka kuula?"

Alikwenda shuleni, akamweleza mwalimu mkuu, naye akamsikiliza kwa heshima huku akitazama saa. Nje ya dirisha watoto walikuwa wamekaa chini, kwenye uwanja mweupe laini, wakichora kwa vidole. Mkunga aliandika barua kwa watu wa afya. Walijibu kuwa watakuja kupima.

Vijiti vilivyobaki na udongo wa magunia, mkunga alisema visitupwe mtoni wala shimoni wala shambani. Mama Kionjo aliuliza, basi wapi? Mkunga alifikiri sana. Mwishowe akasema viwekwe kwenye pipa lenye mfuniko hadi watu wa afya waje. Pipa likakaa uani, chini ya dirisha, na jiwe juu yake.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane wa mimba, msichana, mdogo kama mkate, lakini alilia. Alilia kwa nguvu hadi dereva wa malori akaisikia sauti kwenye simu, naye akalia huko aliko. Kwa siku nzima Mama Kionjo alikuwa mwepesi kama pamba. Mkunga alifurahi naye, ila alipomkabidhi mtoto, alisema polepole, "Tutamwangalia. Akikaa, akitambaa, akianza kuita. Tutamwangalia tu."

Basi wakamwangalia. Mama Kionjo alikuwa akipiga makofi nyuma ya kichwa chake kuona kama atageuka. Aligeuka, wakati mwingine upesi, wakati mwingine baada ya muda, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Watu wa afya hawakuwa wamekuja bado. Kiganja cha binti kilikuwa kinarudi kidogokidogo; aliweza kushona pindo. Nyumba nzima ilisafishwa, kinu kikachomwa moto, chekeche likachomwa, ua ukafagiliwa mara tatu.

Mtoto alipofikisha miezi minane akawa anakaa mwenyewe. Asubuhi moja, jua likiingia kwa pembe, Mama Kionjo alimkalisha kwenye mkeka chumba cha nyuma, akainama kukunja nguo zake. Palikuwa kimya. Kimya kilizidi, akainua macho.

Mtoto alikuwa amejisogeza hadi ukutani. Ule ukuta laini, uliosuguliwa kwa jiwe, ambao siku ya kusafisha hakuna aliyeukumbuka, ulikuwa umeanza kubanduka chini, na pale palipobanduka palikuwa na alama za vidole vidogo. Si alama za leo tu. Palikuwa na kishimo, cha duara, kimelainishwa na mate ya siku nyingi.

Mtoto alikwangua kwa ukucha wa kidole cha shahada. Akakipeleka mdomoni, nyuma ya vijino viwili vya mbele. Akafumba macho, akatulia.

Alipofumbua, alimwona bibi yake, akatabasamu.

"Mwanangu!" Mama Kionjo aliita, na hakuitambua sauti yake. "Mwanangu, njoo umchukue mtoto! Toka naye nje! Usiguse ukuta!"

Binti alikuja mbio, akamnyakua, mtoto akaangua kilio akiunyooshea ukuta mikono. Mlangoni binti alisimama. Mbele yake palikuwa na ua, na pipa, na ng'ambo ya uzio nyumba ya jirani, iliyopakwa upya, ya kijivu, laini, inang'aa juani. Na ng'ambo ya hiyo, nyingine.

"Nje wapi, mama?" aliuliza.

Mama Kionjo alikuwa amepiga magoti, anakwangua kinywa chake mwenyewe kwa ncha ya nguo, kwa maana alikuwa ameisikia tena ile ladha tamu, miezi yote hiyo baadaye, na mdomo ukajaa mate.

Bado alikuwa anautamani.